Kabla ya Demon Slayer, Tanga Ilikuwa na Manyani Wawili: Nani Hasa Mwenye Hatia Kwenye Adili na Nduguze?

Usiku wa manane. Mgeni wa heshima amelala kwenye nyumba ya liwali, au pengine anajifanya amelala. Anasikia nyayo. Anachungulia. Mwenye nyumba, mtu ambaye mji mzima unamsifia kwa haki na upole, anapita na mjeledi mkononi. Anaingia chumba kingine. Ndani kuna manyani wawili. Anawachapa, tena anawachapa kwelikweli, si kwa utani. Akimaliza anautupa mjeledi, anawabembeleza wale wanyama na kulia kama mtu aliyefiwa.

Kesho yake usiku, vilevile.

Ukimsimulia mtu anayekesha na anime atakuuliza hiyo ni msimu wa ngapi. Kumbe si anime. Ni kitabu kidogo cha Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1952, kinaitwa Adili na Nduguze, na aliyekiandika ni mtoto wa Tanga, Shaaban Robert. Vijana wengi walikutana nacho kwenye kabati la maktaba ya shule, kimechanika jalada, wakakipita kwa sababu jina la mwandishi liliwakumbusha mtihani. Hasara yao. Ndani ya zile kurasa kuna majini, mji uliogeuka mawe, ndugu wanaomtosa ndugu yao baharini, na swali moja ambalo mashabiki wa Demon Slayer na Attack on Titan wanagombana nalo kila siku: mtu aliyefanya unyama anaweza kurudi kuwa mtu?

Tahadhari: mwisho wa kitabu unatajwa humu. Kina zaidi ya miaka 70, kwa hiyo lawama hakuna.

KARANI WA SERIKALI

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1926, akaingia kazini idara ya forodha, na Pangani ni moja ya vituo alivyokaa. Huko hakuwa staa wala mtu mkubwa. Alikuwa karani. Mchana anaandika hesabu za serikali ya Mwingereza, usiku anaandika mashairi. Kuanzia 1946 alikuwa ofisi ya wilaya ya Tanga, na ni katika miaka hiyo ndipo vitabu vyake vikubwa vilipoanza kutoka: Kusadikika mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka uliofuata. Alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya uhuru, na vitabu vyake kadhaa vilichapishwa akiwa tayari kaburini.

Jina Adili halikuanzia kwenye hicho kitabu. Zamani kidogo alishamwandikia mwanawe wa kiume utenzi wa kumwusia mwenendo mwema, akauita Utenzi wa Adili. Shika hapo kwanza. Ukiwa umempa mwanao wosia kwa jina fulani, halafu jina hilohilo ukampa mtu anayechapa ndugu zake kila usiku, hukulipa kwa bahati mbaya.

STORI YENYEWE

Kwa kifupi, maana ukweli ni kwamba inanoga zaidi ukiisoma mwenyewe.

Kuna mfalme anaitwa Rai, anatawala nchi ya Ughaibu. Chini yake kuna liwali wa mji wa Janibu, anaitwa Adili. Kodi ya Janibu inachelewa. Rai anamtuma kijana wake, Ikibali, akaulize kulikoni. Ikibali ndiye yule mgeni anayechungulia usiku. Anarudi kwa mfalme na kodi, lakini pia anarudi na alichokiona. Adili anaitwa aje mwenyewe na manyani wake, ajieleze.

Anajieleza. Wale si manyani. Ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Baba yao alipokufa waligawana urithi sawasawa. Wale wawili wakautapanya wao, wakarudi mikono mitupu, Adili akawapokea akawagawia kilicho chake. Baadaye wakamshawishi wasafiri pamoja. Njiani Adili alimwokoa kiumbe aliyekuwa anafukuzwa na adui, bila kujua kwamba yule alikuwa jini, jina lake Huria, mtoto wa mfalme wa majini. Wakafika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe. Ndani ya mji huo alikuwa amebaki hai msichana mmoja tu, Mwelekevu. Adili akatoka naye. Na hapo ndipo roho za ndugu zake zilipochafuka. Usiku, katikati ya bahari, wakamtosa majini.

Huria akalipa deni lake. Akamwokoa Adili, akawageuza wale wawili manyani. Halafu akatoa amri: kila siku wapigwe, na asipowapiga, adhabu itamgeukia yeye.

Ndiyo maana anachapa. Ndiyo maana analia.

KWA NINI MTU WA ANIME ANAIELEWA FASTA

Demon Slayer, ile kazi ya Koyoharu Gotouge iliyoanza kutoka Japani mwaka 2016, imesimama juu ya kitu kilekile: ndugu aliyegeuka kiumbe cha kutisha, na ndugu mwingine anayekataa kumwacha. Tanjiro anamtembeza dada yake kwenye sanduku mgongoni. Kila akikata kichwa cha pepo, pepo yule anakumbuka alikuwa nani kabla hajaharibika, na Tanjiro anamsikitikia. Fullmetal Alchemist nayo ni ndugu wawili wanaolipia kosa moja kwa miili yao. Attack on Titan ya Hajime Isayama ndiyo kali kuliko zote kwa jambo hili, maana Reiner ni muuaji ambaye watazamaji walianza kwa kumchukia wakaishia kumwonea huruma, na mpaka leo kuna watu hawajamsamehe na kuna watu wanasema alishalipa.

Tofauti ni kwamba Tanjiro hajawahi kuambiwa amchape Nezuko. Shaaban Robert alienda mbali zaidi. Alimweka mtu mwema na mjeledi mkononi, akamwambia huu ndio utaratibu, halafu akamwacha msomaji amtazame miaka na miaka.

NADHARIA YA KWANZA: ADILI NAYE ANA KESI

Hii ndiyo nadharia inayowagawa wasomaji kuliko zote. Upande mmoja unasema Adili hana kosa hata punje. Alitoswa baharini, akaokolewa, akapewa amri na jini, angefanya nini? Machozi yake ni ushahidi kwamba moyo wake safi.

Upande wa pili unauliza kwa ukali: machozi yanampunguzia nani maumivu? Nyani anayechapwa na mtu anayelia anaumia sawasawa na nyani anayechapwa na mtu anayecheka. Tena wanaongeza kwamba Adili ni liwali. Ana askari, ana mali, ana mfalme anayempenda. Mbona hakwenda kwa Rai siku ya kwanza kusema jamani, nimepewa amri siiwezi, nisaidieni? Alinyamaza. Siri ilitoka kwa sababu mgeni alichungulia, si kwa sababu mwenye nyumba alifungua mdomo.

Huo upande wa pili una hoja, na hoja yenyewe inatoka ndani ya kitabu. Shaaban angeweza kumfanya Adili aungame mwenyewe, lakini ukweli unatolewa na macho ya mtu mwingine, na hata baada ya hapo Adili hajipeleki, anaitwa. Mtu anayejiona hana hatia kabisa hafungi mlango usiku.

Lakini upande huo unazidisha pale unapomweka Adili kundi moja na ndugu zake. Hasidi na Mwivu walichagua, tena walichagua wakiwa wameshiba chakula cha yuleyule waliyemtosa. Adili hakuchagua. Kosa lake ni la mtu aliyezoea. Siku ya kwanza mjeledi unamtetemesha, siku ya mia unajua mwenyewe ulipotundikwa. Hilo ni kosa la aina yake, na pwani ya Tanga ilikuwa inalijua vizuri sana.

HAMSA ISHIRINI

Maana mjeledi si kitu cha majini tu. Wazee waliozaliwa kama Shaaban Robert, utawala wa Mjerumani ukiwa bado upo, walikua wakisikia neno hamsa ishirini. Ni ishirini na tano, idadi ya viboko. Neno kiboko lenyewe limetoka kwenye ngozi ya mnyama kiboko iliyokuwa ikisokotwa kuwa fimbo. Mwingereza alipoingia, viboko havikwenda likizo. Mahakama ziliendelea kuvitoa kama adhabu.

Liwali naye alikuwa cheo cha kweli. Kilianza enzi za masultani wa Zanzibar, Mjerumani akakikuta akakiendeleza pamoja na maakida na majumbe, na Mwingereza naye akawa na maliwali wake kwenye miji ya pwani. Kazi yao mojawapo ilikuwa kodi, na kitabu kinaanza na kodi iliyochelewa.

Hapo ndipo inapozaliwa nadharia ya pili: kwamba Adili ni picha ya ofisa Mwafrika chini ya mkoloni. Mtu mwema, anayeheshimika, anayewachapa ndugu zake kwa amri ya nguvu iliyo juu yake, na asipowachapa anachapwa yeye. Anawachapa usiku, mchana anaitwa mwadilifu. Mwandishi mwenyewe alikuwa anakaa ofisi ya wilaya, anaona watu wanavyoingia na wanavyotoka. Ukiisoma hivi, nywele zinasimama.

Inavutia, lakini inapwaya sehemu moja kubwa. Rai. Kama juu kuna mkoloni, basi Rai ndiye angekuwa yeye, na Rai wa kitabuni ni mfalme mwema anayewahurumia mpaka wanyama, ndiye anayeingilia kati adhabu ikome. Mtu angesema Shaaban alikuwa anamficha mkoloni asione. Inawezekana kwa Kusadikika, ambacho kweli kina ukali wake. Kwa Adili na Nduguze, nadharia inabidi ivutwe kwa nguvu mpaka ichanike. Afadhali kusema hivi: alichukua vitu alivyoviona kila siku, kodi, liwali, mjeledi, akavitumia kuuliza swali lililo kubwa kuliko serikali.

Tena swali hilo halikuondoka na mkoloni. Mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya yeye kufa, Tanganyika huru ilipitisha sheria ya adhabu za chini kabisa. Kwa makosa kama wizi wa mali ya umma, mkosaji alikuwa anachapwa viboko 24 kwa mafungu mawili: 12 akiingia gerezani, 12 akitoka. Yaani mtu amemaliza kifungo chake chote, mlango umefunguliwa, na bado kuna fungu linamsubiri. Huria angewaelewa kabisa waliotunga sheria ile.

MWISHO WA ZAMANI ULIKUWA MWINGINE

Sasa hapa ndipo historia inapokuwa tamu, na ndipo watu wengi wasipofika.

Mifupa ya stori hii si ya Shaaban Robert. Ni ya Alfu Lela Ulela, zile hadithi za usiku elfu na moja. Mle ndani yupo mtu anaitwa Abdullah bin Fadhil, mtawala wa Basra chini ya Khalifa Harun Rashid. Kodi ya Basra inachelewa, mjumbe anatumwa, mjumbe anachungulia usiku, anamkuta Abdullah anawapiga mbwa wawili huku analia. Mbwa ni ndugu zake. Mji wa mawe upo, msichana yupo, jini yupo. Kila kitu kipo.

Hadithi za namna hii zilikuwa zinazunguka pwani kitambo sana. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Zanzibar, na nyingine ukizisoma unasikia kabisa upepo wa Uarabuni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Waingereza nao wakatoa tafsiri ya Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili, kwenye wimbi lilelile lililoleta Mashimo ya Mfalme Sulemani. Tanga haikuwa mji wa kusubiri kuletewa vitabu pia: gazeti la Kiongozi lilikuwa linachapwa palepale shule ya serikali tangu enzi za Mjerumani.

Na kuna kituko kimoja cha pembeni. Richard Burton, yule Mwingereza mzururaji, alipita Tanga na Pangani mwaka 1857 na mwenzake John Speke, wakapanda milima ya Usambara mpaka kwa Kimweri, kabla hata ya kwenda kulitafuta Ziwa Tanganyika. Mtu huyohuyo, mwaka 1885, akaanza kutoa tafsiri kubwa ya Kiingereza ya Alfu Lela Ulela, majuzuu 10, na stori ya Abdullah na ndugu zake imo. Isiwe kisingizio cha watu wa Tanga kudai hati miliki, lakini inachekesha: aliyewapelekea Waingereza stori nzima aliwahi kulala Pangani, na miaka karibu 70 baadaye, Pangani hiyohiyo ikapata karani wa forodha aliyekuja kuiandika upya kwa Kiswahili.

Tena aliibadilisha.

Kwenye Alfu Lela Ulela, Khalifa anawaombea wale mbwa, jini anakubali, wanarudi kuwa watu. Wanakumbatiana, wanalia, wanasamehewa. Halafu wivu unarudi. Wanamkaba ndugu yao, wanamtupa mtoni. Anaokolewa kwa mara nyingine, na safari hii Khalifa hataki maneno. Wale wawili wanauawa. Ujumbe umeeleweka: mbwa ni mbwa hata ukimvika kanzu.

Shaaban Robert alifika kwenye kona hiyohiyo akakata kushoto. Kwake Rai anawaombea, Huria anakubali, Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, na wanabaki watu. Wanatubu, wanasamehewa, hakuna jaribio la pili, hakuna kamba shingoni. Aliyapokea yote ya zamani, akakataa mwisho.

Hii si sehemu ndogo ya stori. Hii ndiyo stori. Mtu anaweza kubadili mbwa kuwa manyani kwa sababu za kawaida tu. Nyani anafanana na mtu, ana mikono, anakutazama usoni, na kumchapa inatisha zaidi. Tena Waislamu wa pwani wanaijua habari ya watu waliovunja amri ya Sabato wakageuzwa manyani, imo kwenye Al-Baqara na Al-A'raf. Na Mswahili ana methali yake kwamba nyani haoni kundule. Hayo yote ni mapambo mazuri. Kubadili mwisho ni kitu kingine kabisa. Ni kugombana na hadithi iliyokubalika kwa karne nyingi, na kusema hapana, hapo mlikosea.

JINA NI HUKUMU?

Wanaopinga mwisho wa Shaaban wana neno moja zito: majina. Mtu anaitwa Adili, kwa hiyo ni mwadilifu. Mwingine anaitwa Hasidi, mwingine Mwivu. Ukiyatazama vizuri ni jina moja kwa lugha mbili, hasidi kutoka Kiarabu, mwivu kutoka kwenye Kibantu chetu. Mtoto yeyote wa pwani aliyepita chuoni anaijua Surat Al-Falaq kwa moyo, na mle ndani watu wanajikinga na shari ya hasidi anapohusudu. Yaani huyu jamaa alibeba jina ambalo nusu ya mtaa inaombea liwe mbali nao kila wanapopanda kitandani. Atabadilikaje? Wanaosema hivyo wanaona toba yake ni rangi tu, na kwamba kitabu kingeongezewa sura mbili, bahari ingemwona Adili tena.

Ni hoja ya mashabiki wa Attack on Titan kabisa. Kule watoto wanazaliwa na dhambi ya mababu, wanavishwa kitambaa mkononi, wanaambiwa nyinyi ni mashetani, na stori nzima ni mabishano kama jina ulilopewa linaweza kuvuliwa.

Lakini angalia Shaaban alichofanya na hayo majina. Mwandishi aliyetaka kuwaua hao watu angekuwa na kazi nyepesi, maana majina yalishawahukumu tangu ukurasa wa kwanza. Msomaji anasubiri tu. Kwa hiyo kuwapa majina mabaya namna ile halafu kukataa kuwanyonga ni kama mtu aliyejiwekea mzigo mkubwa makusudi ili aoneshe anaweza kuubeba. Anayesema toba yao ni ya uongo anaisoma stori ya Basra, haisomi ya Janibu.

Hoja yenye uzito zaidi dhidi ya mwisho ule ni nyingine, nayo ni ya Mwelekevu. Huyu binti alishapoteza mji wake mzima, watu wake wote mawe. Akapata pa kushika, na pale pakatoswa baharini usiku mbele yake. Kitabu kinatumia nguvu zake nyingi kwenye maumivu ya Adili na aibu ya ndugu zake, kwenye huruma ya Rai na hasira ya Huria. Ukipima msamaha ule, maneno ya Adili ni mengi, ya Mwelekevu ni machache. Kwenye hilo Shaaban alikuwa mtu wa wakati wake, na msomaji wa leo ana haki ya kuguna.

Kwa wanaoijua pwani, ugomvi huu si wa kitabuni tu. Urithi wa baba mmoja, nyumba moja, shamba la minazi moja, ndugu wawili hawasalimiani mwaka wa kumi, wanakutana msibani wanapeana mgongo. Hakuna aliyetoswa baharini, lakini kuna mtu alighushi saini, kuna mtu alihamisha jiwe la mpaka. Watu wa namna hiyo wanapokisoma Adili na Nduguze hawaulizi habari za majini. Wanauliza kama yule wa upande wa pili akija mlangoni, afunguliwe au asifunguliwe.

MJI WA MAWE NI TONGONI?

Hii ni ya haraka. Kuna wanaopenda kuamini kwamba mji uliogeuka mawe ni Tongoni, yale magofu ya kusini mwa Tanga yenye msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, upande uleule wa pwani alikozaliwa Shaaban. Mtoto wa Vibambani akisikia habari ya mji wa mawe, ataona picha gani nyingine kichwani? Kwa picha, sawa kabisa. Kwa chanzo, hapana, kwa sababu mji wa mawe ulishakuwemo kwenye stori ya Basra kabla Vibambani haijasikika. Nenda Tongoni jioni ukiwa umekisoma, hata hivyo. Ule ukimya unakijaza kitabu vizuri.

DOGO ALIYECHUNGULIA

Katika mabishano yote haya, timu Adili, timu Huria, timu manyani, kuna mtu mmoja anasahaulika. Ikibali.

Hana nguvu za kijini. Hana upanga. Alitumwa kodi tu. Aliona kitu ambacho hakikumhusu, kwenye nyumba ya mkubwa aliyemlisha na kumheshimu, na angeweza kurudi na fedha akapokea pongezi zake akakaa kimya. Alikwenda akasema. Bila yeye hakuna shauri mbele ya Rai, Huria haombwi kitu, na mjeledi unaendelea mpaka manyani wafe.

Ukitaka kujua kwa nini hilo si jambo dogo, rudi mwaka mmoja nyuma, kwenye Kusadikika. Kule mwandishi huyuhuyu aliandika habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na habari za kuisaidia nchi yao. Kila mmoja alipomaliza kusema alichokiona, alitupwa gerezani. Kitabu kizima ni mtu anaitwa Karama, amesimama mahakamani, anawataja mmoja mmoja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa 1951. Mwaka 1952 mjumbe mwingine akarudi kutoka safari, akasimama mbele ya mfalme, akasema alichokiona gizani. Na mfalme akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaagiza manyani waletwe.